Mtoto huntha na cheti cha kuzaliwa: kwenye jinsi tuandike nini?

mama_wa_likoni

Salaam alaykum, na kwa wengine wote hamjambo.

Nahitaji mawazo ya watu wenye ujuzi na wenye huruma. Mdogo wangu ana mtoto huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu. Alipozaliwa, wauguzi waliitana, wakamtazama, wakaitana tena, na mwisho mmoja akaandika "mwanamke" kwenye notisi ya kuzaliwa ili mama aruhusiwe kurudi nyumbani. Daktari wa watoto aliyempima baadaye alitueleza kwa upole kwamba viungo vyake vya ndani ni mchanganyiko, afya yake ni nzuri, haja ndogo anapata bila shida, na hakuna cha kukata. Mtoto amekua mchangamfu, kaswida zote za madrasa anazijua. Sasa ni wakati wa chekechea, na shule inataka namba ya cheti cha kuzaliwa ili aingizwe kwenye mfumo wa wizara.

Tukaenda kwa msajili. Karani hakuwa mkali. Alitufungulia fomu: mwanamume, mwanamke, chagueni. Tukamwonyesha barua ya daktari, akaisoma yote, akaturudishia, akasema hana pa kuiandika.

Nausema msimamo wangu mapema ili mnijibu mkijua niliposimama. Sitaki mtoto huyu aanze maisha kwa uongo tulioutia sahihi sisi. Tukiandika mwanamke, naye akibalehe akaota ndevu, kila karatasi yake itamkana: ya shule, ya mtihani, kitambulisho, pasipoti, mpaka cheti cha ndoa. Tukiandika mwanamume naye akavunja ungo, ni yale yale. Na wanaotuambia "mpelekeni akatengenezwe kwanza" nawaomba wanielewe. Mwili wenye afya haukatwi ili ulingane na fomu. Fomu ndiyo irekebishwe.

Serikali hii hii ya Kenya mwaka 2019 ilipita nyumba kwa nyumba na dodoso la sensa lenye nafasi tatu, ikahesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na huntha 1,524. Kumbe nafasi ya tatu inachapishika. Kwa nini basi ipatikane tunapohesabiwa na ikosekane tunapoandikishwa?

Wanasheria, tunalazimika kuchagua? Mashekhe, dini inasemaje? Na kama yuko humu aliyeyapitia haya katika mwili wake mwenyewe, huyo ndiye nataka kumsikia zaidi.

kifungu_27

Mama, pole na hongera kwa kumlinda huyo mtoto. Mimi ni wakili. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu kesi zilizotufikisha hapa watu wengi wanazisikia nusu nusu.

Sheria yetu ya kusajili vizazi na vifo, Sura ya 149, ilitungwa enzi za mkoloni. Inataka jinsi ya mtoto iandikwe, na fomu zake zikachorwa kana kwamba jibu haliwezi kuwa zaidi ya mawili. Hilo lilifika mahakamani kupitia mfungwa wa gereza la Kamiti anayejulikana kwenye kumbukumbu kwa herufi R.M. Alikuwa huntha, akawekwa gereza la wanaume, akavuliwa nguo na kupekuliwa mbele ya wengine ambao walimgeuza kitu cha kutazamwa. Desemba 2010 Mahakama Kuu ilikubali kwamba alitendewa unyama, ikaamuru alipwe shilingi 500,000. Lakini kwenye suala kubwa ilimkatalia. Ilisema huntha anaingia ndani ya jinsi mbili zilizopo, na haikuona sababu ya kufungua nafasi ya tatu.

Miaka minne baadaye ikaja kesi ya Mtoto A. Huyu alizaliwa Hospitali ya Kenyatta mwaka 2009, na kwenye karatasi zake za matibabu, mahali pa jinsi, pakawekwa alama ya kuuliza. Mama yake akaenda mahakamani. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola hakumpa kila alichoomba, ila alisema wazi kwamba watoto hawa wapo na sheria haiwezi kujifanya haiwaoni. Akamwagiza Mwanasheria Mkuu arudi ndani ya siku 90 kueleza sheria ya kuwalinda imefika wapi na miongozo ya upasuaji iko wapi. Kesi hiyo ndiyo iliyosukuma yaliyofuata: mwaka 2017 jopokazi likaundwa chini ya Mbage Ng'ang'a, likazunguka nchi, likatoa ripoti yake, na sensa ya 2019 ikaongeza ile nafasi.

Sasa jibu lako. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamtaja mtoto huntha kwa jina na kumweleza ni nani: mtoto ambaye maumbile, homoni, tezi za uzazi au kromosomu zake haziwezi kuwekwa moja kwa moja upande wa kike au wa kiume. Kifungu cha 7 kinamtaka msajili achukue hatua kuhakikisha watoto hao wanasajiliwa na kupewa hati sahihi tangu kuzaliwa. Upasuaji wa kumbadilisha mtoto viungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki ni kosa la jinai. Kwa hiyo karani aliyewaambia chagueni alikuwa akiifuata fomu ya zamani dhidi ya sheria mpya. Nitarudi na la kufanya.

mkulima_wa_mwingi

Nimesoma kwa makini na sina nia ya kumuumiza mama huyu. Mungu amlinde mtoto. Lakini acheni niseme wanachofikiri wengi. Haya mambo ya jinsia ya tatu yanakuja kutoka ng'ambo na misaada yao. Leo ni mtoto mgonjwa ambaye kila mtu anamwonea huruma, kesho ni mtu mzima mwenye mwili kamili anayesema yeye si mwanamume wala mwanamke, na fomu ni ile ile tuliyoifungua kwa ajili ya mtoto. Kijijini kwetu mtoto wa namna hiyo alikuwepo tangu zamani, wazee walikaa, wakaamua, akalelewa upande mmoja. Kwa nini tusiendelee hivyo?

ustadh_mvita

Bismillahi. Ndugu yangu wa Mwingi, nikuondoe wasiwasi kwenye moja kabla sijamjibu mama. Huntha hakuletwa na mzungu. Vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini yetu, ambavyo watoto wa Lamu na Mombasa wamevisoma mbele ya mashekhe kwa karne nyingi vina mlango wake, na hawakumwita mgonjwa.

Wanazuoni walitofautisha huntha ambaye alama zimeelemea upande mmoja na huntha mushkili, ambaye mambo yake hayajabainika. Kwa wa kwanza walitazama, kwa mfano, mkojo unatokea wapi, kisha wakangoja kubalehe: ndevu, hedhi, matiti. Kwa mushkili hawakukisia. Na hapa ndipo napenda watu wakae kidogo, kwa sababu ni elimu nzito.

Chukua mirathi katika madhehebu yetu ya Shafi. Mtu amefariki, ameacha watoto wawili tu, mmoja wa kiume na mmoja huntha mushkili, na shamba la ekari sita. Huntha akihesabiwa mwanamume, kila mmoja ana ekari tatu. Akihesabiwa mwanamke, ndugu yake ana nne, yeye mbili. Kadhi afanye nini? Anampa kila mmoja kile ambacho ni yakini kwake kwa hali zote. Wa kiume anachukua tatu, kwa sababu hata iweje hazipungui hapo. Huntha anachukua mbili. Ekari moja inayobaki inawekwa, haigawiwi, mpaka hali ibainike au wapatane wenyewe. Wamaliki hawakungoja, walimpa nusu ya mafungu mawili yakijumlishwa. Wahanafi walimpa fungu dogo.

Ona walivyofanya. Hakuna aliyesema mtoto akatwe ili hesabu itoke. Hakuna aliyesema asirithi mpaka achague. Walikubali kwamba yapo mambo ambayo leo hatuyajui, wakayajengea hukumu hivyo hivyo. Hata kwenye swala walimpangia mahali: nyuma ya safu za wanaume, mbele ya safu za wanawake. Alikuwa na pa kusimama msikitini, na haki yake kwa kadhi, miaka mamia kabla ya Nairobi kuwa mji.

Mama, kwa hiyo kidini hamna dhambi kusema "hatujajua". Dhambi ni kushuhudia usichokijua. Suala la mtu mzima ambaye mwili wake uko wazi lakini yeye anajiona vingine ni suala jingine, na fiqhi ninayoisoma haiyaweki pamoja. Nisingependa yachanganywe. Lakini la mtoto huyu halina utata.

mkunga_mstaafu

Nimezalisha maisha yangu yote ya kazi, acha niongee ya leba.

Muuguzi aliyeandika "mwanamke" haikuwa ubaya, alifanya tulilofundishwa. Mama anazinduka anauliza "ni nani?" na shangazi wako mlangoni wanangoja kupiga vigelegele. Ukisema "bado hatujui" unaonekana hujui kazi. Tukaandika kile kilichoonekana zaidi kwa macho, na macho yanadanganya.

Ila nina neno moja kwa kila mzazi na kila mkunga anayesoma hapa. Mtoto akizaliwa na sehemu za siri zisizoeleweka, msikimbilie kubishana mvulana au msichana. Mpeleke haraka apimwe chumvi na homoni. Kuna hali ambapo tezi zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni sawasawa. Mtoto mwenye kromosomu za kike anazaliwa akionekana kama wa kiume, na ndani ya wiki mbili tatu za kwanza anaanza kutapika, kulegea na kukauka maji. Anakufa akiitwa mtoto wa kuharisha. Dawa ipo, ni vidonge, anaishi miaka yake yote. Hiyo ndiyo dharura ya kweli. Na kama njia ya mkojo imeziba, pia kuna kazi ya daktari. Kisu cha kumfanya mtoto "aonekane vizuri" kinaweza kungoja mpaka mwenyewe aweze kusema. Nimeona watu wazima waliokatwa wachanga wakaishi na makovu, maumivu na mkojo usiozuilika, halafu mwili wao ukakua upande usiokuwa ule waliochaguliwa.

Na wengine hatuwajui kabisa tunapowapokea. Msichana wa kawaida kwa macho, anafika miaka kumi na sita hajavunja ungo, akipimwa ana kromosomu za kiume. Mkulima, wazee wenu wangemkalia kikao mtoto ambaye hata mkunga hakumjua?

Kwa jina, mama, kuna Nuru, Amani, Imani, Baraka. Hayo humfaa yeyote.

namba_1524

Jina nililochagua humu linaeleza. Mimi ni mmoja wa wale waliohesabiwa.

Nimezaliwa nyumbani, bibi akaambiwa na mkunga wa kijiji anyamaze, akanyamaza. Niliandikishwa msichana. Nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana na huko sauti ikavunjika, mabega yakapanuka. Nilikuwa nikioga usiku wenzangu wamelala. Mwalimu mmoja alinitetea, mwingine akataka nivuliwe nguo "ili ukweli ujulikane". Niliacha shule. Baadaye nilimalizia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Leo naishi kama mwanamume. Kitambulisho kinasema mwanamke, na picha iliyo pembeni yake ina ndevu. Kwa hiyo kila ninapokitoa, kwa wakala wa kutuma pesa, kwa askari kwenye kizuizi, kwa mwenye nyumba, lazima nimweleze mgeni habari za mwili wangu. Mara nyingi haishii kwenye maelezo. Nimeshawahi kuambiwa ni mwizi wa kitambulisho cha dada yangu nikalala kituoni.

Kwa nini tulihesabiwa 1,524 tu? Umoja wa Mataifa hutumia makadirio kuanzia 0.05 mpaka 1.7 kwa kila watu mia. Chukua hata hilo dogo kabisa, kwa nchi ya watu 47,564,296 ingekuwa karibu 23,800. Lakini karani wa sensa alikuwa akimuuliza mkuu wa nyumba, sebuleni, jirani amekaa anasikiliza. Kwetu alipofika, bibi aliniangalia. Nikajibu mwenyewe. Nyumba ngapi zilikuwa na mtu aliyejibu mwenyewe?

Mama wa Likoni, nakuomba, usimruhusu yeyote akulazimishe kukisia. Lakini nakuomba pia uangalie upande wa pili. Watu wanafurahia herufi ya tatu kwenye kitambulisho. Mimi siifurahii sana. Nikionyesha kitambulisho chenye herufi ya huntha kwa kila askari na kila wakala, nimevuliwa nguo tena, safari hii na serikali yenyewe. Kama alama za vidole zinanitambua, jinsi yangu inawahusu nini watu wa benki? Iandikwe ukweli kwenye daftari la msajili, palindwe, na kwenye kadi ninayoibeba mfukoni isiwepo kabisa.

kifungu_27

Ndugu namba_1524, asante kwa kusema. Na hoja yako ya mwisho ina mguu wa kisheria hapa hapa kwetu. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti cha kidato cha nne cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, na likitoe bila alama ya jinsi. Jaji alitazama kanuni akaona hazilazimishi alama hiyo iwe kwenye cheti. Cheti kinaeleza alama ulizopata, na alama hizo hazibadiliki kwa kuwa wewe ni mwanamume au mwanamke.

Kwa hiyo njia ziko mbili duniani: kuongeza nafasi, au kuondoa swali pale lisipohitajika. Haziuani. Hospitali inahitaji kujua mwili wako. Gereza pia, na ndiyo maana sheria ya mwaka 2014 ya watu waliowekwa kizuizini inampa huntha haki ya kuchagua jinsi ya mtu atakayempekua, na inataka atengwe na wengine. Hilo ni tunda la mateso ya R.M. Lakini orodha ya ofisi zinazouliza jinsi bila sababu ni ndefu kuliko ya zile zenye sababu.

mswahili_leipzig

Naishi Ujerumani, nimezaliwa Kilifi. Nawaandikia kwa sababu hayo mnayobishania yalipita hapa hatua kwa hatua.

Mwaka 2013 Wajerumani waliruhusu mstari wa jinsi wa mtoto huntha uachwe wazi. Watu wakasema, uwazi si jibu, ni kama kusema mtu huyu si kitu. Mmoja wao, mwenye kromosomu X moja tu, alikwenda mpaka Mahakama ya Katiba. Oktoba 2017 mahakama hiyo ikaliambia bunge: ama muwape nafasi yenye jina lake, ama muache kabisa kusajili jinsi ya watu. Ni yale yale anayosema namba_1524. Bunge likachagua la kwanza, na mwishoni mwa 2018 nafasi ya tatu ikaanza kutumika. Lakini walitaka barua ya daktari kuthibitisha mwili. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 barua hiyo haitakiwi tena. Mtu mzima anapeleka taarifa kwa ofisi ya msajili, anangoja miezi mitatu, anakwenda mwenyewe kutamka, na akishatamka habadilishi tena kabla ya mwaka kwisha.

Mimi si huntha. Mwili wangu madaktari hawana swali nao. Lakini tangu nikiwa mdogo pale Kilifi sijawahi kujiona mwanamume wala mwanamke, na nimejaribu pande zote kwa moyo safi. Najua ustadh anayaweka mbali mambo haya mawili, namheshimu kwa kulisema bila matusi. Mkulima naye ananiogopa mimi hasa, mimi ndiye "kesho" yake. Naomba tu mjue kwamba sikuja kuiba nafasi ya huyo mtoto. Sitaki chochote kilicho chake.

mkulima_wa_mwingi

Nimewasoma wote, na nimesoma tena ya ustadh na ya namba_1524. Kwa mtoto huntha nimekubali, aandikwe alivyo, na aliyetaka mwanafunzi avuliwe nguo alistahili kushtakiwa. Kwa wewe wa Leipzig sijakubali, nakuambia kwa heshima. Sheria lazima iwe na kitu cha kushika. Mwili unashikika. Hisia haishikiki. Kila mtu akijitangazia, daftari la serikali litakuwa na maana gani? Angalau pawe na daktari wa kuthibitisha.

namba_1524

Mzee, hapo kwa daktari ndipo nakuomba usimame nami.

Umesema mwili unashikika. Wangu umeshikwa sana. Kila ofisi niliyoomba kurekebisha karatasi imetaka uthibitisho, na uthibitisho maana yake ni chumba, kitanda, taa, na wanafunzi wa udaktari wanne walioletwa "wajifunze". Uthibitisho huo haukuniuliza mimi ni nani. Uliuliza nina nini kati ya miguu. Na majibu yao hayakulingana: mmoja ametazama kromosomu, mwingine homoni, wa tatu ametazama kwa macho tu. Mwisho, daktari mmoja mwenye busara alifunga faili akaniuliza, "Wewe unajionaje?" Akaandika nilichomjibu. Kwa hiyo hata kwangu mimi, mwenye mwili unaoshikika, jambo liliishia kwenye neno langu.

Ndiyo maana siwezi kumfungia mlango huyu ndugu wa Kilifi. Hatufanani, na haki yangu haitegemei yake. Lakini ukijenga mlango wenye askari wa kupekua watu viungo ili kumzuia yeye, anayepekuliwa kila siku ni mimi. Na mtoto wa Likoni akikua atapekuliwa pia.

mkulima_wa_mwingi

Hilo sikuwa nimelifikiria. Sijabadilika kwa la Leipzig, ila la kupekua nimelisikia.

kampala_boda

Huku Uganda sheria ya kusajili watu ya 2015, kifungu cha 38, inamruhusu mtoto huntha abadilishiwe rekodi, lakini baada ya operesheni, na daktari athibitishe amekuwa mwanamume au mwanamke. Yaani karatasi inamngoja kisu. Mama, mshukuru Mungu nyie mna sheria ya 2022.

kifungu_27

Asante ndugu wa Kampala, mfano wako ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu unaonyesha sheria yenye nia njema inavyoweza kumsukuma mzazi kwenye chumba cha upasuaji. Afrika Kusini nayo ina sheria ya mwaka 2003 ya kubadilisha jinsi kwenye rekodi. Inamtambua huntha, ila bado inamvusha kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Na kabla ya ya mama, onyo kwa tunaosukuma mageuzi. Marekani walianza kutoa pasipoti zenye herufi X, ambayo viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga vinaikubali pamoja na zile mbili za kawaida. Kuanzia Aprili 2022 mtu yeyote aliweza kuichagua kwenye fomu. Januari 2025 akaja rais mwingine, akatia sahihi amri siku ya kwanza ofisini, utoaji ukasimama, na Novemba 2025 Mahakama ya Juu ikaruhusu msimamo huo uendelee wakati kesi inasubiri. Kilichotolewa kwa uamuzi wa ofisi kilichukuliwa kwa uamuzi wa ofisi. Kwetu, waraka wa waziri hautoshi. Tunataka Sura ya 149 ibadilishwe bungeni, na sheria ya vitambulisho, Sura ya 107, pamoja nayo. Watoto waliolindwa na sheria ya 2022 wanafika miaka 18, na wasije wakakuta kitambulisho hakiwajui.

Sasa mama, la kufanya. Msirudi kwa karani kwa maneno matupu. Andikeni barua kwa msajili mkitaja kifungu cha 7 cha Sheria ya Watoto, Kifungu cha 53 cha Katiba kinachompa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na mwombe mtoto asajiliwe kama huntha. Ambatanisheni notisi ya kuzaliwa na nakala ya barua ya daktari. Kama atakataa, Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Iombeni humo humo kwenye barua. Karani aliyewaambia "sina pa kuandika" kwa mdomo atafikiri mara mbili kabla ya kuliandika hilo na kuligonga muhuri. Kisha nakala ipelekeni ofisi ya Mombasa ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambao ndio walioachiwa kufuatilia mapendekezo ya jopokazi.

Shule isitumike kama kitisho. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto kwenye Katiba hiyo hiyo. Mwalimu mkuu ampokee mtoto huku cheti kikishughulikiwa, na akikataa naye aandike.

mama_wa_likoni

Sijui niwashukuruje. Nimemsomea mdogo wangu uzi wote jana, mpaka ya mkulima, na nilipofika kwa ustadh kwenye ile ekari iliyowekwa aliniambia nisome tena.

Tumeamua. Hatuchagui. Barua tunaandika wiki hii, tutaipeleka sisi wawili na baba yake, na tutasema huntha bila kunong'ona. Kwa mtoto mwenyewe, kuna neno ambalo tunaanza nalo: akiuliza, ajibiwe kwa ukweli wa umri wake, asije akajulishwa na watu wa nje.

Namba_1524, mwanangu, au kaka yangu, sijui umri wako. Ukipita Likoni una nyumba. Nataka mtoto huyu amuone mtu mzima aliyekuwa kama yeye. Hajawahi kumuona hata mmoja.

Wakili, swali dogo la mwisho. Barua iwe ya Kiingereza? Mdogo wangu anataka kuiandika mwenyewe na Kiingereza chake si kirefu.

kifungu_27

Aandike Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya lugha rasmi sawa na Kiingereza, na msajili hawezi kuikataa barua kwa sababu hiyo. Chapeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe, na hiyo mrudi nayo nyumbani. Mkikwama nitumieni ujumbe wa faragha, nitakwenda nanyi.

namba_1524

Nitapita, mama. Umri wangu ni wa kaka mdogo.